Mti wa Matunda Unapogoma: Utatuzi wa Matatizo ya Miti na Mimea ya Kutambaa Bustanini

Malalamiko ya wenye bustani ni yaleyale: majani yamekuwa ya manjano, mti ni mkubwa lakini hauzai, maua yanadondoka, mpasheni umenyauka ghafla, kichanja cha mimea ya kutambaa kimeanguka. Wengi hukimbilia dawa ya kupulizia. Lakini mara nyingi chanzo ni maji, kina cha kupandia au mkasi, na hakuna dawa inayotibu vitu hivyo. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, sababu ya kawaida zaidi inatangulia, na dawa inakuja mwishoni kama inahitajika.

Anza hapa, kwa dalili yoyote ile

Fukua udongo kwa mkono kuzunguka shingo ya mti, yaani pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi. Shingo inatakiwa ionekane. Ikiwa shina linaingia ardhini limenyooka kama mti wa uzio, mche ulipandwa chini mno au umefukiwa baadaye. Kwa mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine, kovu la kubebeshea liwe angalau sentimita 15 juu ya udongo.

Kisha chimba kishimo cha sentimita 20 hadi 30 chini ya ncha za matawi, siyo karibu na shina. Finyanga udongo wa humo. Ukidondosha maji au ukinuka uvundo, mizizi inakosa hewa. Ukimeguka kama unga, mti una kiu hata kama juu pameloa.

Geuza majani kama kumi uangalie upande wa chini, maana wadudu wengi hukaa huko. Halafu jiulize ulifanya nini miezi mitatu iliyopita: mbolea, kupogoa, ujenzi, kumwaga maji ya sabuni. Mti hujibu polepole, na unachokiona leo huenda kilianza siku ambayo umeshaisahau.

Dalili ya 1: Majani yanageuka manjano

Swali la kwanza ni majani gani yameanza, ya zamani au machanga. Jibu lake linapunguza kazi nusu nzima.

*Mti mzima umepauka, majani yananing'inia, na udongo umeloa.* Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote: mti unaonekana una kiu, mwenyewe anaongeza maji, mizizi inazidi kuoza. Pima jinsi udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Katika ujazo wa pili, maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, udongo uko sawa. Yakishuka chini ya sentimita moja, hapo hapafai kwa mparachichi wala mpapai bila tuta. Mti mchanga unaweza kung'olewa na donge lake ukapandwa juu ya tuta la sentimita 40 hadi 60. Kwa mti mkubwa, chimba mfereji wa kutolea maji nje ya upana wa matawi na punguza kumwagilia.

*Majani ya zamani yamepauka sawasawa, machanga bado kijani.* Naitrojeni imepungua. Tandaza ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri kuanzia hatua moja kutoka kwenye shina hadi ncha za matawi, kisha mwagilia. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi.

*Majani ya zamani ya mchungwa au mlimau yana manjano pembeni, na kijani kimebaki kama pembetatu kwenye kitako cha jani.* Ni upungufu wa magnesiamu. Pulizia chumvi ya Epsom, gramu 20 kwa lita moja ya maji, jioni. Rudia baada ya wiki tatu.

*Majani machanga ni ya manjano lakini mishipa imebaki kijani.* Mti unakosa chuma, ingawa mara nyingi chuma kimo udongoni. Kinachokizuia ni udongo wenye chokaa nyingi au uliolowa muda mrefu. Angalia kama kuna mabaki ya saruji au chokaa ya ujenzi karibu na mti, kwa sababu hicho ni chanzo kinachosahaulika sana. Ongeza mboji kwa wingi na usiweke majivu. Majani machanga yakiwa pia madogo na membamba, yamesongamana kwenye ncha, shuku zinki.

*Ncha za majani zimeungua kuwa kahawia, hasa kwenye mparachichi.* Ni chumvi, iliyotoka kwenye maji ya kumwagilia au kwenye mbolea iliyozidi. Kunywesha kidogo kidogo kila siku huirundika chumvi palepale penye mizizi. Mwagilia maji mengi kwa mara moja, udongo uloe hadi chini, kisha acha siku kadhaa.

*Mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za jani la jamii ya michungwa, matunda yamepinda upande, ni machungu na mbegu zake hazikukomaa.* Hapa simama. Dalili hizi zinafanana na ugonjwa wa kijani wa michungwa, unaoenezwa na kidudu kidogo kinachofyonza utomvu wa majani machanga. Hauna tiba. Usikate vikonyo vya kubebeshea kutoka mti huo na usihamishe tawi lake lolote. Ita afisa ugani.

Dalili ya 2: Mti umestawi lakini hauzai

1. *Umri.* Mwembe wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 8, wa kubebesha 3 hadi 5. Mparachichi wa mbegu unaweza kukuweka miaka 10 au zaidi. Kama uliupanda kwa mbegu na una miaka minne, hauna tatizo lolote.

2. *Kivuli.* Miti mingi ya matunda inataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Mti ambao upande mmoja tu ndio unachanua unakuonyesha wenyewe jua liko wapi.

3. *Umekata maua bila kujua.* Hili limeenea sana. Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na ukizipunguza ncha hizo miezi michache kabla ya msimu, umeondoa mavuno yote. Pogoa mwembe mara tu baada ya kuvuna, ndani ya wiki chache, ili machipukizi mapya yapate muda wa kukomaa.

4. *Naitrojeni imezidi.* Majani makubwa, kijani kizito, vichipukizi virefu laini, ua hakuna. Acha mbolea hiyo msimu mzima. Angalia pia kama mti unakunywa kutoka bustani ya mboga inayorutubishwa kila mwezi au kutoka karo la choo.

5. *Mti wa chini umemshinda wa juu.* Chipukizi limetokea chini ya kovu la kubebeshea, limekua haraka na kukifunika kile ulichonunua. Kwenye michungwa utaona miiba mirefu au majani ya umbo tofauti. Ling'oe chipukizi hilo lingali changa, kwa mkono, kutoka mahali lilipoota. Ukilikata juu juu litarudi mara mbili.

6. *Jinsia na uchavushaji.* Mpapai wenye maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia ni dume. Ng'oa, isipokuwa kama unahitaji mmoja wa kuchavushia majike. Mparachichi una maua yanayofunguka mara mbili, mara ya kwanza kama jike na mara ya pili kama dume. Aina za kundi A, kama Hass, ni jike asubuhi na hurudi kama dume mchana wa siku ya pili. Aina za kundi B, kama Fuerte, ni jike mchana na dume asubuhi inayofuata. Mti mmoja unaweza kuzaa peke yake, lakini ukiwa na jirani wa kundi lingine mazao huongezeka.

*Pasheni yenye maua mengi bila matunda* inastahili maelezo yake. Pasheni ya njano haikubali chavua yake yenyewe. Inahitaji mmea mwingine wenye asili tofauti, na hapa ndipo watu hukosea: vipandikizi viwili kutoka mama mmoja ni mmea uleule, hata ukivipanda pande mbili za nyumba. Panda miche miwili au mitatu ya mbegu tofauti. Wachavushaji wake wazuri ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, basi waachie kipande cha gogo kikavu kwenye bustani. Kama hawapo, fanya kwa mkono: chukua chavua ya ua la mmea wa kwanza, paka kwenye vichwa vitatu vya juu vya ua la mmea wa pili. Pasheni ya njano hufungua maua kuanzia mchana hadi jioni, ya zambarau hufungua alfajiri na kufunga kabla ya mchana, kwa hiyo saa ya kazi hutofautiana. Chavua ikiloa hupasuka, usipulizie maji wakati huo.

*Mzabibu wenye majani mengi na vichala vichache* karibu kila mara umepogolewa kwa huruma. Vichala hutoka kwenye machipukizi mapya yanayoota kwenye fito, yaani matawi marefu, za msimu uliopita. Chipukizi linalotoka kwenye gogo la zamani kwa kawaida halizai. Kwa hiyo kila msimu wa kupogoa, kata fito za mwaka jana zibaki vijiti vya macho mawili (jicho ni pale chipukizi linapotokea), vikiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka kimoja hadi kingine kwenye mkono wa mzabibu. Ndiyo, utaondoa karibu sehemu tisa kati ya kumi za kile kilichoota, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ila aina nyingine, Sultana ikiwamo, macho yake ya chini hayazai. Kwa hizo bakiza fito nzima yenye macho 8 hadi 15 na uilaze kwenye waya. Ukipogoa kwa vijiti vifupi kila mwaka na hupati kichala, jaribu fito ndefu kwenye nusu ya mzabibu uone tofauti. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye majeraha baada ya kukata hayana madhara, usiyapake chochote.

Dalili ya 3: Maua na vitunda vinadondoka

Kwanza, kudondoka kwenyewe ni kawaida. Mparachichi mkubwa unaweza kutoa maua yanayokaribia milioni na kubakiza matunda mia chache tu. Ukiona vitunda vya ukubwa wa punje ya njegere vimetapakaa chini huku vingine vinaendelea kukua juu, acha.

Kisichokuwa kawaida ni kudondoka kwa vyote. Sababu inayoongoza ni kiu wakati wa kuchanua na wiki chache baadaye. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kuzunguka shina. Inayofuata ni ukungu. Maua ya mwembe yakiwa na unga mweupe ni ubwiri unga, yakiwa meusi yaliyokauka kama yameungua ni chule. Salfa husaidia kwenye ubwiri unga, lakini usiipulizie joto likizidi nyuzi 32, wala ndani ya wiki mbili baada ya kupulizia mafuta, kwa sababu itaunguza majani. Dawa ya kuua wadudu mti ukiwa kwenye maua huua nyuki, na mwisho wake ni kukosa yale matunda uliyokuwa unayalinda.

Matunda makubwa yakipasuka yakiwa mtini, tafuta kiangazi kirefu kilichofuatwa na maji mengi ghafla. Kinga ni kumwagilia kwa ratiba isiyoyumba.

Tunda likidondoka laini na lina funza ndani, ni inzi wa matunda. Dawa haimfikii funza aliyeko ndani. Okota yote kila siku, yafukie kina cha nusu mita au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani wiki mbili. Kuyaacha chini siku tatu tu kunatosha kuwapa funza nafasi ya kuingia udongoni na kutoka kizazi kingine. Matunda yanayobaki yavishe mifuko ya karatasi yakiwa na ukubwa wa yai.

Dalili ya 4: Mmea unanyauka, tawi baada ya tawi au wote ghafla

Rudi kwenye shingo. Kama gome la chini ni jeusi, lina unyevunyevu, au linatoa gundi, mti unaoza shingo. Chanzo ni udongo au matandazo yaliyorundikwa kwenye shina pamoja na maji yanayotuama. Fukua hadi mizizi mikuu ya juu ionekane. Kwangua gome lililooza hadi ufikie gome zima lenye rangi hai, acha jeraha likauke siku moja au mbili, kisha paka uji wa mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa: kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa, lita 10 za maji. Kwa mti mmoja chukua gramu 100, gramu 100 na lita 1. Yeyusha kila kimoja peke yake kwenye chombo cha plastiki, maana mrututu hula chuma, halafu changanya na utumie siku hiyohiyo. Vaa glavu na miwani. Gome likiwa limeoza zaidi ya nusu ya mzunguko wa shina, nafasi ya kupona ni ndogo na mti mkubwa unaweza kuanguka.

Mpasheni ulionyauka wote ndani ya siku chache: kata shina karibu na ardhi. Ndani kukiwa na rangi ya kahawia kwenye mishipa, ni mnyauko fusari. Hautibiki. Ng'oa na mizizi yake, choma, na usipande pasheni nyingine hapo. Pasheni ya zambarau iliyobebeshwa juu ya shina la pasheni ya njano huvumilia ugonjwa huu vizuri zaidi.

Mpasheni usionyauka lakini wenye majani ya mabakamabaka na matunda madogo, magumu, yenye ganda nene una virusi. Huenezwa na vidukari na pia na mkasi wako. Ng'oa, na safisha mkasi kwa spiriti kila unapohama mmea mmoja kwenda mwingine.

Dalili ya 5: Majani yananata na yamefunikwa masizi

Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya maji matamu yanayomwagwa na vidukari, vidung'ata au wadudu gamba. Tazama sisimizi wanaopanda shina: wanawalinda wadudu hao. Funga kitambaa au karatasi ngumu kuzunguka shina na upake grisi juu yake, kamwe si kwenye gome lenyewe, na punguza matawi yanayogusa ukuta au ardhi. Kisha osha majani kwa maji ya nguvu, halafu pulizia sabuni laini ya maji, mililita 10 hadi 15 kwa lita, upande wa chini wa majani, jioni. Rudia mara tatu kila baada ya siku tano. Jaribu kwanza kwenye tawi moja.

Dalili ya 6: Matawi yanavunjika, umbo limeharibika, kichanja kinaanguka

*Tawi linapasuka kwenye pacha likiwa na matunda.* Matawi mawili yaliyobanana kama herufi V hufungia gome katikati, na gome halishikani. Tawi likingali na unene wa penseli, lipanue kwa kijiti hadi nyuzi 45 au 60 kutoka kwenye shina. Likishakuwa gumu umechelewa, bora kuondoa mojawapo.

*Mwembe umetoa fagio la matawi pale ulipokata.* Umekata juu ya pete ya macho yaliyosongamana. Kata chini ya pete hiyo, utapata machipukizi machache yaliyoachana. Mche mchanga kata kwenye sentimita 70 hivi, bakiza matawi matatu au manne. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi, jifunike mikono na uso.

*Machipukizi marefu wima yamejaa baada ya kupogoa.* Ulikata mno kwa mkupuo. Usizidi robo ya mti kwa mwaka. Magome yaliyobaki wazi kwenye jua kali paka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, yasiungue.

*Tawi ulilolaza kwenye waya limeacha kukua na limechipua kwenye mgongo.* Ulililaza lote kwa siku moja. Lishushe hatua kwa hatua ndani ya miezi miwili au mitatu, na ncha iachwe ikitazama juu kidogo hadi ifike mwisho wa nafasi yake.

*Kichanja kimelala.* Karibu kila mara kosa liko kwenye nguzo za mwisho. Nguzo ya mita 2.5 ifukiwe sentimita 60, na za mwisho zishikwe na mhimili wa mshazari au waya uliofungwa kwenye nanga ardhini. Waya wa mabati uwe wa milimita 2 hadi 2.5. Pasheni ipande kwa shina moja hadi kwenye waya, kisha ncha ikatwe itoe mikono miwili, na vining'inio vikatwe sentimita 15 hadi 30 juu ya ardhi. Vitambaa vya kufungia vifungwe kwa umbo la nane, na vikaguliwe kila miezi miwili. Kamba iliyozama kwenye gome hunyonga tawi.

Acha kazi na uite mtaalamu

Tawi liko karibu na nyaya za umeme: usiguse, usisimamishe ngazi, piga simu kwa shirika la umeme. Tawi nene kuliko mkono wako lililo juu ya kichwa, hasa juu ya paa, ni kazi ya wenye kamba na vifaa. Uyoga ukiota kwenye kitako cha shina, ufa ukionekana kwenye pacha kuu, au udongo ukiinuka upande mmoja wa mti ulioinama, waondoe watoto chini yake leo kabla ya kutafuta fundi. Sumu yoyote ambayo lebo yake huielewi au imefutika, usiifungue.

Ukimwita afisa ugani, mwonyeshe majani yanayoanza kuugua, siyo yaliyokwisha kukauka, na picha ya shingo ya mti iliyofukuliwa. Kama unashuku ugonjwa wa kijani wa michungwa, usimpelekee tawi. Mpe picha, aje mwenyewe.